Waliozaliwa Siku Moja: Wanamuziki, Tarehe na Daftari

Februari 10 ni siku ya kuzaliwa ya waimbaji watatu waliopishana miaka kumi kumi. Leontyne Price alizaliwa mwaka 1927 huko Laurel, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, akawa mmoja wa waimbaji wakubwa wa opera wa karne ya 20. Roberta Flack alizaliwa mwaka 1937 katika mji mdogo wa Black Mountain, North Carolina, akajulikana duniani kwa nyimbo za soul. Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki ya Kongo, akahamia Dar es Salaam mwaka 1978 na kuwa nguzo ya muziki wa dansi wa Tanzania. Mashabiki wa opera, wa soul na wa dansi hawakutani ukumbini, wala santuri zao hazipangwi rafu moja. Kilichowaweka pamoja watu hawa watatu ni tarehe tu.

Tarehe hiyo haielezi mengi juu ya muziki wao. Inaeleza mengi zaidi juu ya uandishi: nani alikuwapo mtoto alipozaliwa, nani alishika kalamu, na kalenda ipi ilitumika. Katika milima ya Usambara jambo hili huonekana kwa uwazi kuliko sehemu nyingi, kwa sababu huko ishara za kuzaliwa kwa mtu zimetunzwa kwa karne kadhaa pasipo tarehe yoyote kutajwa.

Habari za maisha ya Remmy Ongala zina mfano mzuri wa ishara za namna hiyo. Mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake, na mganga akamshauri asimkate nywele mtoto atakayefuata. Mtoto akazaliwa akiwa tayari na meno mawili ya mbele. Kwa watu wa kwao ishara hiyo ilimtenga na watoto wengine: ilikuwa alama ya mtu mwenye kipaji cha uganga. Jina la "Dokta" alilopewa na mashabiki wa bendi yake ya Super Matimila, na misokoto ya nywele iliyomtambulisha jukwaani kwa miaka mingi, vinatoka katika hadithi hiyo ya kuzaliwa. Hakuna aliyepanda jukwaani kumshangilia kwa sababu ya Februari 10. Wengi walijua habari za meno.

Msikilizaji wa Lushoto, huko milimani Usambara, anaposikia habari hizo atamkumbuka Mbegha. Mwinda nguruwe huyu kutoka Unguu, ambaye ukoo wake wa Wakilindi ulikuja kutawala Usambara kutoka Vuga, anaelezwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa katika miaka ya 1890 huko Magila, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Mbegha alikuwa kigego: meno ya juu yalimtangulia kabla ya ya chini. Mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa balaa kwa jamaa zake, na desturi ilikuwa kutomwacha hai. Mbegha aliachwa, lakini alipokua ndugu zake wakamnyima urithi kwa sababu ya meno hayo, na mwisho wake akaondoka kwao na mbwa wake. Historia nzima ya ufalme wa Usambara inaanza na ishara ya kinywani mwa mtoto mchanga. Mwaka wa kuzaliwa kwake haumo.

Meno yaleyale yalimfanya mmoja mganga wa muziki na mwingine mkimbizi aliyekuja kuwa mfalme. Tofauti ni ya desturi za Kindu na za Unguu. Jambo la pamoja ni kwamba jamii zote mbili zilitunza namna mtoto alivyozaliwa kwa uangalifu kuliko lini.

Hii haimaanishi kwamba siku hazikuhesabiwa. Majina ya watu wa Lushoto yenyewe ni kalenda: Juma, Hamisi, Jumanne, Shabani, Rajabu, Ramadhani. Jina la siku au la mwezi lingeweza kumwambia mtu alizaliwa siku gani ya juma au katika mwezi gani wa Kiislamu, ila halikusema mwaka, na mara nyingi lilirithiwa kutoka kwa babu, likawa linaeleza kuzaliwa kwa babu badala ya mjukuu. Mwaka ulitajwa kwa matukio. Mtu alizaliwa wakati wa njaa fulani, au mwaka wa nzige, au vita vya Wajerumani vilipofika. Mama aliyezaa wakati wa vuli alijua ni vuli, na hilo lilimtosha.

Daftari lilikuja na misheni. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo Mlalo mwaka 1891 na kingine Vuga mwaka 1895, na kila aliyebatizwa aliandikwa. Kwa mtoto mchanga siku ya ubatizo huwa karibu na siku ya kuzaliwa. Kwa mtu mzima aliyebatizwa ukubwani, mwaka wa kuzaliwa ulikuwa wa kukisia. Watoto wa Kiislamu, ambao katika sehemu kubwa ya milima hii ndio wengi, hawakuandikwa katika daftari hilo, na kumbukumbu zao zilisubiri serikali na kliniki. Ndiyo maana watu wawili wa umri mmoja katika kijiji kimoja wanaweza kutofautiana kabisa: mmoja ana tarehe, mwezi na mwaka, mwenzake ana "masika, baada ya njaa".

Ni kosa kudhani kwamba hali hiyo ni ya Afrika peke yake. Ludwig van Beethoven hana tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa. Kinachojulikana ni kwamba alibatizwa Bonn Desemba 17, 1770, na kwa kuwa watoto walibatizwa upesi, wengi hukisia alizaliwa siku moja kabla. Johann Sebastian Bach alizaliwa Machi 21, 1685 kwa kalenda ya zamani iliyokuwa ikitumika mjini kwao Eisenach; kwa kalenda ya leo siku hiyo ni Machi 31. Anayemtafutia Bach wenzake wa siku moja lazima kwanza achague kalenda.

Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazz, alisema maisha yake yote kwamba alizaliwa Julai 4, 1900, siku ya uhuru wa Marekani. Alifariki mwaka 1971 akiwa na tarehe hiyo. Katika miaka ya 1980 ndipo daftari la ubatizo la kanisa moja la New Orleans lilipopatikana, nalo likaonyesha Agosti 4, 1901. Mtu maskini asiyeandikwa mahali anapopajua hujichagulia siku yenye heshima. Kwa Tanzania, ambako vitambulisho vingi vya wazee vina Januari mosi, jambo hilo halihitaji maelezo marefu.

Daftari lililosaidia zaidi ni la Venice. Antonio Vivaldi, padri na mpiga fidla, alifundisha muziki wasichana wa nyumba ya mayatima mjini humo, na mwaka 1725 akachapisha matamasha yake manne ya majira ya mwaka. Siku yake ya kuzaliwa haikujulikana kwa uhakika mpaka miaka ya 1960, pale maandishi ya ubatizo wake yalipopatikana. Yanasema alibatizwa kanisani Mei 6, 1678, lakini alizaliwa Machi 4, na mkunga alikuwa amembatiza nyumbani siku hiyohiyo kwa kuhofia uhai wake. Bila mkunga huyo na karani aliyeandika habari zake, Vivaldi asingekuwa na mwenzake wa Machi 4, ambaye ni Miriam Makeba.

Makeba alizaliwa Johannesburg Machi 4, 1932. Alipokuwa na umri wa siku 18 mama yake alifungwa kwa kosa la kupika pombe ya kienyeji ili auze, na mtoto akakaa gerezani naye kwa miezi sita. Kwa Waswahili yeye ndiye aliyeutangaza ulimwenguni wimbo wa Malaika, ambao Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kati ya Vivaldi na Makeba ipo miaka 254 na hakuna hata noti moja ya pamoja. Ila wote wawili waliingia duniani katika hatari, na kumbukumbu za siku zao za mwanzo zikabaki kwa sababu mtu fulani aliona hatari hiyo inastahili kukumbukwa.

Tarehe yenye wanamuziki wengi wa kila aina, na inayogusa Afrika Mashariki moja kwa moja, ni Septemba 5. Mwaka 1735 alizaliwa Leipzig Johann Christian Bach, mwana wa mwisho wa kiume wa Bach mkubwa, aliyehamia London na kumkaribisha huko Mozart akiwa mtoto wa miaka minane. Mwaka 1867 alizaliwa Marekani Amy Beach, ambaye simfoni yake ilipigwa Boston mwaka 1896, ya kwanza kutungwa na kuchapishwa na mwanamke wa Kimarekani. Mwaka 1906 alizaliwa Mississippi mpiga piano wa blues Sunnyland Slim. Mwaka 1945 alizaliwa Glasgow Al Stewart, mwimbaji wa nyimbo za visa vya historia, na mwaka 1947 huko Omaha alizaliwa Buddy Miles, mpiga ngoma aliyemsindikiza Jimi Hendrix. Wawili kati ya waliozaliwa siku hiyo wanastahili kuangaliwa kwa karibu kabla ya kufika Zanzibar.

Wa kwanza ni Giacomo Meyerbeer, aliyezaliwa karibu na Berlin mwaka 1791 na kuwa mtunzi aliyetamba kuliko wote katika opera ya Paris. Kazi yake ya mwisho, aliyohangaika nayo kwa zaidi ya miaka 25, inaitwa L'Africaine, yaani Mwafrika. Alifariki mwaka 1864 kabla haijapanda jukwaani. Ilionyeshwa mwaka uliofuata. Mhusika wake mkuu wa kiume ni Vasco da Gama, na wa kike ni malkia Selika, aliyetekwa na kuuzwa utumwani, anayempenda Mreno huyo na mwishoni anajiua kwa kuvuta harufu ya maua ya mti wenye sumu. Jiografia ya hadithi hiyo ni mchanganyiko usioeleweka wa Afrika na Uhindi, na ni wazi kwamba mtunzi hakuhangaika kujua pwani halisi aliyopita Vasco.

Pwani halisi ilikuwa hii ya Tanga. Aprili 1498, safari ya Vasco ilipokuwa ikielekea Mombasa, merikebu iitwayo São Rafael ilikwama kwenye mchanga kusini mwa mahali ulipo mji wa Tanga leo. Mabaharia walipotazama bara waliona safu ya milima mirefu ya kupendeza, wakaipa jina la merikebu yao. Wachambuzi wa safari hiyo wanaitambua kuwa ni milima ya Usambara. Januari 1499, wakirudi kutoka Uhindi, mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu, basi São Rafael ikachomwa moto katika pwani ileile. Hivyo opera iliyotungwa na mtu wa Septemba 5 inamhusu mtu aliyeitazama Usambara kutoka baharini, na milima yenyewe haimo jukwaani.

Wa pili ni John Cage, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1912. Watu wengi wanamjua kwa kipande chake cha mwaka 1952 ambacho mpiga piano hukaa dakika 4 na sekunde 33 bila kubonyeza kitu, na wasikilizaji husikia sauti za ukumbi. Kazi yake iliyo karibu zaidi na masikio ya Afrika ilitangulia. Karibu na mwaka 1940, mjini Seattle, mnenguaji Syvilla Fort alimwomba muziki wa onyesho lenye mwelekeo wa Kiafrika. Ukumbi ulikuwa mdogo, ngoma nyingi hazikuweza kuenea, kulikuwa na piano tu. Cage akachomeka skrubu na vipande vya vitu vingine katikati ya nyuzi za piano, na kila kidole kikatoa mlio wa kugonga na kuvuma. Wagogo walikuwa wakifanya jambo la jamaa yake tangu zamani kwenye ilimba, ambayo tundu la ubao wake hufunikwa utando wa buibui ili mlio wa chuma usitoke mtupu bali utetemeke. Fundi wa ilimba angemwelewa Cage upesi kuliko wengi waliokuwa kwenye kumbi za New York.

Septemba 5, 1946, mjini Zanzibar, alizaliwa Farrokh Bulsara katika familia ya Waparsi kutoka Gujarati. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Uingereza visiwani. Akiwa na miaka minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani nchini India, ambako alijifunza piano. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ilihamia Uingereza, na dunia ikaja kumjua kama Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Katika wimbo wao wa Bohemian Rhapsody wa mwaka 1975 aliweka sehemu nzima kwa mtindo wa opera, na mwaka 1988 akatoa albamu pamoja na mwimbaji wa opera wa Hispania, Montserrat Caballé. Siku hiyohiyo ya Septemba 5, 1946, huko North Carolina, alizaliwa Loudon Wainwright III, mtu wa gitaa moja na nyimbo za visa vya nyumbani kwake. Kama siku na mwaka vingekuwa na nguvu juu ya sanaa, hawa wawili wangefanana. Hawafanani.

Mtoto Farrokh alipozaliwa, Siti binti Saad alikuwa bado hai katika kisiwa hichohicho. Alifariki Julai 8, 1950. Sauti ya kwanza ya taarabu kurekodiwa kwa Kiswahili, mwanamke aliyesafiri Bombay mwaka 1928 kuimba kwenye santuri, hana siku ya kuzaliwa. Inasemwa tu kwamba alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880. Bi Kidude, aliyezirithi nyimbo zake, hana hata mwaka wa hakika. Tarehe yake ya wazi ni ya kifo, Aprili 17, 2013. Mtoto wa mtumishi wa serikali aliandikwa. Binti wa mkulima hakuandikwa. Orodha yoyote ya wanamuziki waliozaliwa siku moja inamchukua Freddie na kuwaacha wanawake hawa wawili nje, na hilo ni upungufu mkubwa ambao msomaji wa orodha hizo hana budi kuujua.

Tena, siku yenyewe ingesomwa vingine na majirani wa akina Bulsara. Kwa jedwali la kalenda ya Kiislamu, Septemba 5, 1946 iliangukia mwezi wa Mfungo Mosi, wiki moja hivi baada ya Idi. Mwaka mmoja nyuma, Al Stewart alipozaliwa, Septemba 5 ilikuwa ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo watu wanaoshirikiana siku katika kalenda moja huachana katika nyingine. Mzee wa Lushoto anayehesabu kwa mwezi angekuwa na orodha yake tofauti, na ingekuwa sahihi vilevile.

Mkusanyiko wa majina katika siku moja hustaajabisha, lakini hesabu yake inaeleweka. Chukua kwaya ya watu 40 katika usharika mmoja wa Lushoto. Watu 40 wanaweza kuunganishwa wawili wawili kwa njia 780, na kila jozi ina nafasi yake ya kugongana katika siku 365. Matokeo ni kwamba uwezekano wa kupatikana angalau wawili waliozaliwa siku moja ni asilimia 89. Wakiwa 23 tu, uwezekano tayari umepita nusu. Kinachochanganya watu ni swali jingine: kumpata mtu aliyezaliwa siku fulani iliyotajwa mapema, kwa mfano Septemba 5. Hapo ili kufikia nusu wanahitajika watu 253. Wanamuziki wenye majina duniani ni maelfu kwa maelfu, kwa hiyo kila siku ya mwaka lazima iwe na kundi lake. Julai 6 kuna Franco wa OK Jazz (1938), Bill Haley wa rock (1925), 50 Cent wa rap (1975) na Hanns Eisler (1898), mtunzi wa wimbo wa taifa wa Ujerumani Mashariki.

Wanajimu wanayo maelezo ya nyota kwa haya yote, na wasikilizaji wao ni wengi. Ushahidi wa Februari 10 unaelekea kwingine. Mama yake Leontyne Price alikuwa mkunga na mwimbaji wa kwaya ya kanisa. Mama yake Roberta Flack alipiga kinanda kanisani, na binti mwenyewe, kabla ya kupata jina, aliwahi kuwapigia piano waimbaji wa opera katika mkahawa mmoja mjini Washington. Remmy Ongala aliingia Dar es Salaam kwa mlango wa bendi ya mjomba wake, Orchestra Makassy, na mwisho wa maisha yake alikata nywele zake na kuimba nyimbo za injili. Hata Makeba wa Machi 4 alianzia kwenye kwaya ya shule ya misheni.

Shule ya namna hiyo ipo Usambara. Katika sharika za Mlalo, Vuga, Bumbuli na Lushoto mtoto hujifunza kushika sauti yake kati ya sauti nne, kwa herufi za do, re, mi zilizoandikwa ubaoni, akiwa amesimama kati ya shangazi anayeimba sauti ya pili na jirani wa besi. Na anaporudi kijijini hukuta ngoma ya mdumange inachezwa arusini. Mwalimu wa kwaya huuliza sauti yake ni ipi na kama atahudhuria mazoezi. Tarehe ya kuzaliwa huulizwa na karani, naye huiandika katika daftari jingine.